Mkono Usiojua Kurudi

Ilikuwa alasiri, na alasiri ile haikuonyesha nia ya kwisha. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la Nyumba ya Shanga kama mtu aliyesahau alichotumwa. Chini ya paa hilo Siwema binti Athumani alikuwa amekaa mkekani, uzi mapajani, vidole vikitembea. Kazi yake ilikuwa kupapasa. Wenzake walitunga, wengine walibeba, yeye alipapasa. Kila uzi uliotoka mikononi mwa watungaji ulipita kwanza kati ya gumba lake na kidole cha shahada, ushanga mmoja mmoja, na haukutoka chumbani mpaka aseme, "Umepita."

Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa analia.

Siwema alikuwa hajamwona mtoto huyo, lakini alimjua. Alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Salha, binti yake wa pekee, alikuwa amejifungua katika chumba cha wazazi, na kati ya chumba kile na hiki palikuwa na ukuta mmoja wa chokaa. Tangu azaliwe, mtoto hakuwa amepata hata tone. Matiti ya mama yake yalikuwa makavu kama kitambaa kilichosahaulika kwenye kamba.

"Mama!" Salha aliita kupitia tundu la hewa. "Uzi wa maziwa haujatoka huko?"

"Umetoka, mwanangu. Nimeupapasa kwa mkono wangu."

"Mbona basi huku hakujafika kitu?"

"Vuta subira."

"Mimi subira ninayo, Mama. Huyu ndiye hana."

Siwema alijua uzi ule ulivyokuwa. Alikumbuka kila ushanga wake, alikumbuka kilemba chake kilivyokuwa chekundu, alikumbuka alivyousindikiza kwa dua. Kitu kizima kilitoka mkononi mwake, na mahali fulani, kati ya mkono wake na kinywa cha mtoto, kilipotea. Tangu hapo kila mtu aliyepita mlangoni alimtazama mara mbili.

Aliyezaliwa katika mji ule hakuhitaji kuelezwa, lakini wewe umefika leo, na ni haki yako kuelezwa. Pale hakuna kilichofanyika bila uzi. Katika chumba cha ndani kabisa, ambacho mlango wake ulikuwa mfupi hata kila mtu aliingia ameinama, ulining'inia Uzi Mama: nyuzi mbili zilizosokotana, shanga zake za rangi nne, nyeupe ikitazamana na nyeusi siku zote, nyekundu ikitazamana na kijani siku zote. Hakuna aliyejua ulitungwa lini. Wanaosali walisema ni kazi ya Mola, kisha wakanyamaza kwa adabu. Wasiosali walinyamaza tu. Uzi ule haukutolewa nje hata mara moja. Mji ulipohitaji mlango, au mkate, au maziwa ya mzazi, mtungaji aliingia ameinama, akakaa mbele ya sehemu inayohusika, akatunga uzi mfupi akiufuata ule: penye nyeupe aliweka nyeusi, penye kijani aliweka nyekundu, mpaka mwisho. Uzi mfupi ulifungwa kichwani kitambaa chekundu kilichoitwa kilemba. Ukapapaswa na Siwema. Ukapelekwa karakana, na wafanyakazi wa karakana wakausoma kwa vidole na kufanya ulichosema.

Na desturi yao ilikuwa kwamba mfanyakazi haulizi. Hatazami nani ameleta, wala uzi umetoka wapi, wala unataka nini. Anatazama kilemba. Uzi wenye kilemba hufanyiwa kazi. Uzi usio na kilemba hutupwa pipani, ukakatwakatwa, shanga zake zikarudi kwenye sinia kutungwa upya. Walijivunia desturi hiyo. Walisema ndiyo iliyowaepusha na fitina.

Siwema akaweka chini uzi aliokuwa nao, akafunga vizuri mkasi wake kiunoni, akaondoka kwenda karakana ya maziwa. Njia ambayo jana ilikuwa hatua ishirini, siku ile ilikuwa ndefu. Alipokuwa katikati alijiona mwenyewe akija upande wa pili, kijana, amembeba Salha mchanga mgongoni, akienda kuuliza jambo lile lile. Wakapishana bila kusalimiana. Mambo kama hayo yalitokea pale, na watu hawakuyasimulia.

"Hodi humu."

"Karibu, Bi Siwema!" Msimamizi wa karakana, Mashavu, alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba. "Leo umetushukia mwenyewe? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mungu atuepushe. Nimekuja kutafuta maziwa ya Salha."

"Maziwa?" Mashavu akacheka. "Shoga yangu, hapa hatujatoa tone tangu... Jamani, tangu lini?" Wafanyakazi hawakuinua vichwa. "Basi, tangu hapo. Tuna kazi ya vikasha. Nyuzi zinaingia kama mvua ya masika."

Siwema akatazama. Kila meza ilijaa vikasha vidogo vyenye nyuso nyingi, vimefungwa vizuri, vitupu. Na kwenye kulabu za ukutani, pale vilipozoea kutundikwa vibuyu, ilining'inia mikono. Mikono mikavu, mizima mpaka viwikoni, vidole vikichezacheza kama vinatafuta sindano.

"Nani ameagiza haya?"

"Haya mapya! Umeanza lini maswali hayo? Kilemba kipo, kazi ipo. Mimi sisomi sura ya mtu, nasoma kilemba."

"Na uzi wa maziwa?"

"Ulikuja. Hauna kichwa. Nikawaambia wenzangu, huu nao umetoka kunyolewa? Nikautupa pipani." Akacheka tena, kisha kicheko kikakatika katikati. "Ulikuwa wa Salha?"

Siwema alichukua uzi mmoja mezani, ule uliokuwa ukisomwa, akafumba macho. Kilemba kilikuwa cha kweli. Kitambaa cha nyumbani, fundo la nyumbani. Chini yake shanga zikaanza kupita: nyeupe, nyeupe, kijani, nyeusi, nyekundu, kijani. Alizijua shanga hizi kama mtu anavyojua sauti ya mama yake akiwa chumba kingine. Kumi na mbili. Shanga kumi na mbili za mwanzo wa maziwa. Kisha vidole vyake vikakuta mkwaruzo mdogo, mahali uzi ulipokatwa na kuungwa, na baada ya hapo hakuelewa tena kitu. Zilikuwa shanga za nyumbani, za sinia lile lile, lakini zilisema jambo ambalo Uzi Mama haukuwahi kusema.

"Huu una kichwa cha maziwa na mwili wa kitu kingine," alisema.

"Sisi kichwa si ndicho tunachotazama?"

"Mashavu, acheni kazi hii."

Mashavu akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alinong'ona. "Nimejaribu. Wallahi nimejaribu. Vidole vikishaanza uzi wenye kilemba, haviachi mpaka mwisho. Na ukiisha huu, upo mwingine." Akatazama mikono yake mwenyewe kama watu wawili wasiomheshimu.

Siwema alirudi na hofu aliyoikuta njiani ikimsubiri. Nani anakata? Mlangoni alisimama Mzee Faki, mtungaji mkongwe kuliko wote, mtu aliyemfundisha kazi. Siku nyingine mzee angemtania, kwa maana alipenda kumwambia kwamba vidole vyake vinasali rakaa nne kwa kila ushanga. Siku ile hakutania.

"Binti Athumani. Vilemba vinakatwa."

"Najua, Mzee wangu. Natoka huko."

"Mkasi katika nyumba hii ni mmoja." Akatazama kiuno chake. "Na kila uzi unapita kwako."

"Nikate uzi wa mjukuu wangu mwenyewe?"

"Sijasema umekata. Nimesema mkasi ni mmoja."

Akaingia ndani, akamwacha na maneno hayo.

Mkasi ni mmoja. Huenda ni mimi. Huenda vidole hivi, vilivyozoea kutembea bila kuniuliza, vimejifunza jambo lingine. Mashavu anaitazama mikono yake kama mikono ya watu. Mimi yangu naijua? Nani ananihakikishia kwamba aliyepapasa uzi wa maziwa ndiye anayeukumbuka? Nilijiona njiani na sikujisalimia. Mola wangu, kama ni mimi, nionyeshe kabla sijawashuku wengine. Kama si mimi, nionyeshe vilevile, kwa maana kushuku bila kujua ni kama kutunga gizani. Hesabu. Nyeupe, nyeupe, kijani. Hesabu tena.

Alipoinua macho kutoka kwenye dua, alimwona Mgeni.

Mgeni alikuwa ameketi pale pale alipokaa siku zote, nyuma ya Mzee Faki, ambako nyuzi zilizokwisha papaswa na Siwema zilipita zikipelekwa nje. Siku ya kwanza alifika langoni na uzi mmoja mfupi shingoni. Walinzi waliuchukua, wakausoma, haukusema kitu. Penye nyeusi palikuwa na nyeupe, penye kijani palikuwa na nyekundu, kila kitu kinyume. Uzi usiosomeka haumwagizi mtu kazi, walisema walinzi, kwa hiyo hauna madhara, na wakamwingiza ndani, ambako Mzee Faki alimpa kiti. Hilo ndilo kosa walilofanya, na ni watu wa mji ule tu wangelifanya, kwa sababu wao walipima kila mgeni kwa uzi wake. Hawakutazama mkono. Uzi uliotungwa kinyume hukaa kimya mpaka utokee mkono wa kuunakili, na ukinakiliwa mara moja hugeuka kuwa maneno. Mgeni hakuhitaji kuazima mkono. Alikuja nao.

Sasa Siwema aliutazama mkono huo. Ulitunga kwa kasi ambayo Mzee Faki mwenyewe aliisifu mbele ya watu. Sindano ililia chwi, chwi, chwi. Uzi wa nyumbani uliokwisha papaswa ulipopita nyuma ya mgongo wa Faki, gumba la Mgeni liliinuka kidogo, kama mtu anayekuna. Ukucha wa gumba lile ulikuwa mrefu, umechongwa, unang'aa. Ukashuka. Kilemba na shanga kumi na mbili vikabaki kiganjani, na uzi uliobaki ukaendelea na safari yake bila kichwa, kimya. Kabla mtu hajameza mate, kilemba kilikuwa kimekwisha ungwa kwenye kazi yake mwenyewe, nayo ikaenda nje bila kupita kwa Siwema.

Kwa hiyo vidole vyake Siwema vilikuwa vimepapasa uzi wa maziwa ukiwa mzima, na ulikatwa baadaye, ulipompita mtu yule ukipelekwa nje. Akashusha pumzi. Halafu akaona aibu kwamba kitu cha kwanza alichohisi ni nafuu, si hasira. Mtoto alikuwa bado analia.

Akaenda akakaa mbele ya Mgeni.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Mama." Sauti nzuri. Mkono haukusimama.

"Unatunga nini?"

"Natunga mkono."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kutunga."

"Utunge nini?"

Mgeni akainua macho, akawa kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni majimaji. "Mkono, Mama."

"Na vikasha?"

"Vya kuwekea uzi, uende mji mwingine."

"Ukafanye nini huko?"

Hakujibu. Siwema aliona kwamba hakuficha jibu. Hakuwa nalo. Hapo alimwogopa zaidi, maana mwenye nia mbaya unaweza kumsihi.

"Mjukuu wangu anakufa njaa kwa kilemba ulichokata."

"Sijui mjukuu. Najua uzi." Kisha, kwa upole, kama anayempa zawadi: "Kwani wewe unajua Uzi Mama ulitungwa na nani? Umewahi kuupapasa wote? Humo ndani kuna vipande vilivyotungwa na mkono kama huu wangu. Vya zamani. Mnavisalia."

Uso wa Siwema ulipata joto, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwa kijana aliporuhusiwa kuingia ameinama kwa mara ya kwanza, na vidole vyake vilikuta, kati ya vipande vyema, vipande virefu vilivyojirudia bila kusema kitu, na kimoja katika hivyo kilisema jambo ambalo halikusemwa kwingine: jinsi tumbo la mama linavyomshika mtoto asidondoke. Alimuuliza Faki. Faki akasema, "Papasa, usiulize." Tangu hapo alilibeba jambo hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Nani alivitunga? Kama mgeni wa kale aliingia akakaa mpaka akawa sisi, basi huyu naye ni nani wa kumfukuza? Na mimi ni nani wa kujiita mwenyeji?

Swali hilo ni kubwa, na mtu angeweza kukaa nalo alasiri nzima, hata alasiri isiyokwisha. Lakini ukutani mtoto alibadilisha kilio. Kilikuwa kikali, sasa kilikuwa chembamba. Siwema aliyewahi kulea alijua maana yake.

Akaendelea kuutazama mkono wa Mgeni, na taratibu akatambua kilichomtisha tangu mwanzo. Haikuwa kasi. Mzee Faki, akikosea ushanga, husimama. Huzungusha sindano nusu, huvuta polepole, huutoa ushanga mbaya na kusema "Astaghfirullah," kisha huweka ulio sahihi. Watungaji wote wa nyumba ile walifanya hivyo. Ndiyo maana walikuwa wazito na ndiyo maana Uzi Mama ulibaki vilevile. Mgeni alikosea sana. Siwema aliona kwa macho yake, nyeupe juu ya nyeupe, kijani palipotakiwa nyekundu. Hakurudi hata mara moja. Ndiyo sababu wale waliotoka katika nyuzi zake hawakufanana. Maana mikono ile ya karakana ilikuwa imeanza kuingia chumbani, na kila mkono nyuma yake ulikuwa umeota mtu: mmoja hana nyusi, mmoja sikio liko shingoni, mmoja vidole sita, mmoja kidole cha shahada kimepinda. Sita katika kila kumi walikuwa hawawezi hata kushika sindano. Wenzao waliwaruka wakakaa kutunga.

Siwema alisali akiwa ameketi, macho wazi. Mola wangu, tofauti yetu na yeye ni hii peke yake? Kwamba umetupa kurudi? Mimi nilidhani toba ni jambo la msikitini. Kumbe ndiyo inayoshika ukuta.

Akasimama.

Kati ya shanga za sinia, siku zote zilikuwamo zile zilizoitwa vipofu. Ni shanga ambazo mtoboaji alizitoboa upande mmoja akasahau wa pili. Sindano huingia, uzi ukakwama ndani, na baada ya hapo hakuna ushanga mwingine unaoweza kufuata. Kwa nje hazina tofauti na nyingine. Vidole tu hutambua. Nusu ya kazi ya Siwema ilikuwa kuzichambua na kuzitia katika kopo. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na makopo yalijaa rafu mbili.

Akalishusha kopo la kwanza, akalimwaga kwenye sinia.

"We mwanamke!" Mzee Faki aliruka kama kijana. "Umeingiwa na nini?"

Akamwaga la pili.

"Hilo sinia ni la wote! Hata sisi tunachota humo! Utaiua nyumba!"

"Mzee wangu, wewe ukikuta kipofu unafanyaje?"

"Narudi nyuma, nautoa. Kwani hujui?"

"Yeye je?"

Faki akafungua kinywa, akageuka kumtazama Mgeni, akatazama ule mkono uendao mbele, mbele, mbele. Kisha akaona ukucha. Siwema alimwona akiuona. Mabega yake yalishuka.

"Nilimpa kiti mimi," alisema. "Nikamsifu."

"Kiti tutakizungumza siku nyingine. Tunga uzi wa maziwa. Mimi nitakaa hapa kando yako."

"Sinia limejaa vipofu, binti yangu. Tutachukua mwaka."

"Basi usizungumze."

Wakakaa bega kwa bega, migongo yao ukutani, mahali ambapo hakuna mtu aliyeweza kupita nyuma. Faki alikuwa ameufuata Uzi Mama mara nyingi mno kwa ajili ya maziwa hata aliujua kwa kumbukumbu, lakini Siwema hakukubali kumbukumbu. Alimtuma aingie, ainame, atazame, arudi na mpangilio wa shanga kumi, aingie tena. Faki alichota ushanga siniani, akampa Siwema kwanza. Vidole vya Siwema vikasema ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Mara nyingine vidole vyake vyenyewe vilidanganyika, na sindano ikakwama, na Faki akazungusha nusu, akavuta, akasema "Astaghfirullah." Ilikuwa kazi ya kuchosha kupita kiasi. Shanga tatu mbele, moja nyuma. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia. Kila aliponyamaza, mikono ya Siwema ilipoa.

"Mama?" sauti ya Salha.

"Nipo."

"Analala tu sasa."

"Mkune nyayo. Asilale."

Na ndipo chumbani pakatokea jambo. Chwi moja ikakatika. Mgeni alikuwa ameingiza sindano katika kipofu. Akasukuma. Akasukuma tena. Uso wake haukuonyesha hasira, wala mshangao. Alisukuma tu, kama mtu anayetembea ndotoni akagonga ukuta na miguu ikaendelea. Mwenye sikio shingoni akakwama. Asiye na nyusi kabisa akakwama. Wa vidole sita akakwama kwa vidole vyote. Mmoja baada ya mwingine, sindano zao zikanyamaza, kila mmoja na uzi wake wa nusu, mkono usio na kidole, kikasha kisicho na kifuniko. Walikuwa na nguvu zao zote na shanga sinia zima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kuvuta badala ya kusukuma.

Faki alitunga ushanga wa mwisho. Siwema akaupapasa uzi wote tangu mwanzo, bila haraka, ingawa kila mfupa ulimsihi aharakishe. Akafunga kilemba mwenyewe.

"Umepita," alisema. "Peleka wewe. Kishike kichwa chake ndani ya ngumi, usikifungue mpaka uko mbele ya Mashavu."

"Twende wote."

"Mimi nina kazi."

Kwa sababu alikuwa amemwona wa kidole kilichopinda.

Alikuwa mwisho wa safu, nyuma ya wenzake waliokwama. Kidole chake cha shahada, kwa kosa la mkono uliomtunga, kilipinda ndani, hata kila ushanga ulilazimika kupita juu yake kabla ya kufika kwenye sindano. Kidole kile kiligusa kipofu. Kikasita. Sindano ilikuwa imekwisha ingia. Akazungusha nusu. Akavuta, polepole, vizuri, kama mwanafunzi wa Faki. Akautoa ushanga, akauweka kando, akachukua mwingine.

Moyo wa Siwema ukataka kufurahi. Akamsogelea, akapiga magoti mbele yake.

"Umerudi nyuma," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mbaya. Haukupitisha."

"Na huo uzi wenyewe? Unatunga nini?"

Akainua macho mazuri, yasiyo na hila. "Mkono, Mama."

Alikuwa amerudi ushanga mmoja, si zaidi. Hakurudi mpaka langoni, hakurudi mpaka kwenye kilemba alichokata Mgeni, baba yake, hakurudi mpaka kwa mtoto asiyemjua. Alijifunza kutubu kosa la mkono bila kuligusa la moyo, na huenda moyo hakuwa nao. Makopo yote yaliyobaki yasingemzuia huyu. Siwema akanyoosha mkono, akashika ncha ya uzi wake, na kila mwenzake alipotia ushanga mmoja mbele, yeye aliutoa. Chwi, akatia. Nusu, akavuta. Wakatazamana. Mmoja akitunga, mmoja akifumua, hakuna aliyeshinda mwenzake hata kwa ushanga mmoja.

Jua halikusogea.

Kwa mbali, Mashavu alipiga kelele karakana, kelele ya mtu aliyerudishiwa mikono yake: "Maziwa! Jamani, ni maziwa!" Kisha nyayo, kisha vibuyu vikigongana, kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu. Siwema hakujua kama ni cha mtoto aliyelala, au aliyeshiba, au cha aina nyingine, na hakuthubutu kumuuliza Mola.

"Mama!" Sauti ya Salha ilikuwa imejaa maji. "Ananyonya! Amenishika kama mwizi! Mama, njoo umwone!"

Magoti ya Siwema yaliinuka yenyewe. Wa kidole kilichopinda akayatazama magoti yale, na mkono wake ukajiweka tayari. Siwema akaketi tena.

"Siji sasa hivi, mwanangu."

"Huji? Mjukuu wako huyu!"

"Sikia. Mnyonyeshe vizuri, mbadilishie upande." Alizungumza bila kuondoa macho kwenye sindano. Ushanga mwekundu uliingia, akautoa. "Amefanana na nani?"

Kupitia tundu la hewa ilisikika sauti ya kumeza, ndogo, yenye pupa.

"Namtazama huku na huku," alisema Salha. "Pua si yangu. Paji si la baba yake. Wewe pia siye. Mama, huyu hajafanana na mtu. Ni wake mwenyewe."

Mkono uliokuwa mbele ya Siwema ukasita, kama uliosikia neno ambalo hakuna ushanga wake katika sinia. Siwema hakungoja uelewe. Akazungusha sindano nusu, akavuta, akatoa ushanga mmoja. Kisha wa pili.